Kava Hufika Kabla ya Simu

Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, muuzaji mmoja wa vifaa vya simu pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, alinipa kava nilishike. Lilikuwa kava jeusi la plastiki laini, la kawaida kabisa, ila tundu la kamera lilikaa mahali ambapo hakuna simu niliyoijua yenye kamera hapo. Nikamuuliza ni la simu gani.

"Bado haijatoka, fundi. Inatoka mwezi ujao."

Alikuwa ameshanunua katoni nzima.

Naikumbuka katoni ile kila ikikaribia Septemba, maana ndipo mafundi wote tunapoulizwa swali lile lile: ninunue sasa au nisubiri ile mpya? Ukielewa kava linavyoweza kuitangulia simu yake, utajua tetesi gani za kuamini na zipi za kuziacha zipite.

Siku simu inapotangazwa jukwaani, kazi ya kiwandani inakuwa imeshakwenda mbali. Vioo vimekatwa, betri zimefungwa, maboksi yamechapwa, na vipuri vimepitia mikono ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wao China. Umbo lenyewe liliamuliwa miezi mingi nyuma, kwa sababu mashine za kuchonga fremu haziwezi kubadilishiwa vipimo wiki ya mwisho. Mtengenezaji wa makava naye anajua kwamba atakayekuwa na mzigo sokoni siku ya kwanza ndiye atakayeuza. Kwa hiyo huvitafuta vipimo mapema kwa njia zake, kisha anaweka mtaji wake hapo. Kuna hata simu za sanamu, kipande cha chuma au plastiki kisicho na kitu ndani, zinazochongwa kwa vipimo hivyo ili kujaribia makava. Picha nyingi zinazosambazwa kama simu "iliyovuja" ni za sanamu hizo.

Njia nyingine ya siri kuvuja hupitia serikalini. Kifaa kinachorusha mawimbi ya redio hukaguliwa na mamlaka ya mawasiliano kabla hakijauzwa: Marekani ni FCC, kwetu Tanzania ni TCRA. Baadhi ya nyaraka za ukaguzi husomwa na yeyote. Steve Jobs wa Apple alipoitangaza iPhone ya kwanza tarehe 9 Januari 2007, ilhali ingeingia madukani tarehe 29 Juni, alieleza pale pale jukwaani kwamba kibali cha FCC huchukua miezi, na waliona heri waitangaze wao kuliko kuiacha FCC iwatangazie.

Mara chache ni ajali tupu. Mwaka 2010 simu ya majaribio ya iPhone 4 ilisahauliwa kwenye baa huko Redwood City, California. Tovuti ya Gizmodo ikainunua kwa dola 5,000 na kuchapisha picha zake mwezi Aprili. Simu ilipotangazwa rasmi Juni, umbo lilikuwa lile lile ambalo watu walishalizoea.

Sasa angalia mpangilio wake. Umbo ndilo huvuja kwanza, na mara nyingi huwa kweli, kwa kuwa watu wengi wameshaligusa. Hufuata kamera, ukubwa wa kioo na aina ya prosesa. Bei huchelewa, kwani ni namba inayoamuliwa na watu wachache na inaweza kubadilishwa hadi dakika za mwisho. Ukisoma mwezi wa Mei kwamba simu ya Septemba itauzwa kiasi fulani, huyo aliyeandika anakisia.

Halafu yapo mambo ambayo hayavuji kamwe. Simu itapata moto kiasi gani ukiitumia juani Dodoma? Tundu la chaji litalegea baada ya miezi mingapi? Betri itakuwaje mwaka wa pili? Hakuna wa kuyavujisha kwa sababu hayo hujulikana simu ikishakaa mikononi mwa watu. Kabla Samsung haijaitangaza Galaxy Note 7 mwezi Agosti 2016, umbo lake lilikuwa limeshaonekana kwenye picha zilizovuja. Kilichokuja kuwa habari kubwa, betri zilizoshika moto, hakikuwa katika tetesi. Oktoba mwaka huo huo kampuni ikaacha kabisa kuitengeneza.

Na hata kauli ya kampuni yenyewe si hakika kila mara. Apple walionyesha AirPower, kitako cha kuchajia vifaa vitatu kwa pamoja, Septemba 2017. Machi 2019 wakakifuta. Aliyekuwa akikisubiri alisubiri mwaka mmoja na nusu bure.

Wauzaji wenyewe huumia kwa kusubiri huku. Adam Osborne alikuwa akiuza kompyuta ya kubeba yenye uzito wa kilo 11 hivi kwa dola 1,795, ikatoka kama njugu tangu 1981. Mwaka 1983 akaanza kusifia nyingine inayokuja, maagizo ya ile ya kwanza yakapungua, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Wachambuzi wanabishana kama maneno yake ndiyo yaliyoiua au kulikuwa na maradhi mengine, lakini wafanyabiashara wa kompyuta wanalitaja jina lake mpaka leo. Mwaka 2017 Tim Cook, akiwa mkuu wa Apple, naye aliwaambia wawekezaji kwamba habari nyingi za mapema kuhusu iPhone zijazo zilikuwa zimewafanya wanunuzi wasite.

Ila mimi nahangaikia zaidi mnunuzi. Wanaoniuliza swali la Septemba, wengi wao simu zao zinaumwa ugonjwa mmoja, nao unatibika: betri imechoka. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa zibakize asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 ya chaji iliyotumika, hata kama umeitumia kwa siku mbili. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku hufikisha 500 kabla ya mwaka mmoja na nusu. Hapo simu huweza kuzima ikiwa na asilimia 20, au kukwamakwama, na mwenyewe huamini kwamba imepitwa na wakati.

Hili lilidhihirika dunia nzima Desemba 2017, Apple walipokiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisizime ghafla. Watu walikasirika. Kampuni ikateremsha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Januari 2019 Tim Cook, akieleza kwa nini mapato yamepungua, alitaja betri hizo za bei nafuu kuwa miongoni mwa sababu. Watu walipata betri, wakaona simu mpya haina haraka.

Kitu kinachonifanya nimwambie mteja anunue simu nyingine bila kusita ni masasisho ya usalama, yale tunayoyaita apdeti. Simu isiyoyapokea tena ni hatari kwa mtu anayehifadhi humo akaunti ya benki na ya pesa za mtandao. Google waliahidi miaka saba ya apdeti walipotoa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung wakafanya hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu nyingi za bei ya chini hupewa miaka michache tu, nayo huhesabiwa tangu simu ilipoingia sokoni, si tangu siku ulipoinunua. Anayenunua simu iliyotumika kutoka Dubai aiulize hiyo miaka kabla ya kuuliza kamera.

Agosti hiyo hiyo ya katoni, mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea simu yake akitaka nimshauri asubiri Septemba ama la. Kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja, unaona mwanga ukipenya pembeni. Nilipokifungua, betri ilikuwa imeumuka kama andazi. Nikamwomba asiichaji tena hata mara moja, maana betri ya namna hiyo inaweza kuwaka. Nilibadilisha betri, nikafuta gundi ya zamani, nikakirudisha kioo mahali pake. Tukatazama apdeti pamoja: simu yake ilibakiza miaka miwili.

"Basi nitafutie kava, fundi, hili limepasuka."

Tulitoka wote kwenda kulitafuta. Maduka mawili ya kwanza yalikuwa na makava ya simu ambayo bado haijatoka. La simu yake tulilipata duka la tatu, nyuma ya rafu, lina vumbi.