Sufuria Moja, Mioto Minne: Hesabu ya Jiko la Mzazi Anayelea Peke Yake

Watu wakilinganisha gharama za kupika huuliza mambo matatu: kilo ya gesi ni pesa ngapi, mkebe wa makaa ni pesa ngapi, lita ya mafuta ya taa ni pesa ngapi. Kwa nyumba yenye watu wazima wawili maswali hayo yanatosha. Kwa mama au baba anayelea watoto peke yake katika chumba kimoja pale Umoja au Kawangware hayatoshi, maana kuna bei nyingine isiyoandikwa popote: nani atakaa na huo moto? Unafika nyumbani saa moja na nusu jioni, mdogo analia njaa, mkubwa anataka usaidizi wa hesabu, na hakuna mtu wa kumwambia, "Hebu niangalizie sufuria nimwogeshe huyu." Mimi nalea wawili hapa Nairobi, na hesabu ninayoiweka hapa ni ya nyumba ya namna hiyo. Bei ni za mtaani kwetu. Kwako zinaweza kupanda au kushuka, lakini mpangilio wake hautabadilika sana.

Chakula cha kupimia ni maharagwe makavu, nusu kilo. Ugali na sukuma wiki huiva upesi kwa moto wowote. Maharagwe na githeri ndivyo vinavyokula moto, tena ndivyo vinavyoshibisha watoto siku mbili kwa pesa kidogo. Mzazi anayeacha kupika maharagwe kwa sababu ya gharama ya moto huishia kununua vyakula vya haraka vilivyo ghali zaidi na vyenye lishe duni.

Tuanze na makaa, maana wengi tulianzia hapo. Mkebe huuzwa kati ya shilingi 80 na 100, na sufuria ya maharagwe itamaliza nusu yake au zaidi, kutegemea jiko. Jiko la udongo ndani ya bati hutunza joto vizuri kuliko jiko la bati tupu, kwa hiyo kama ni lazima upikie makaa, usinunue la bati kwa kuwa ni rahisi. Utalipa tofauti hiyo kwa makaa baada ya muda mfupi tu. Kwa shilingi peke yake, makaa si ghali mno. Lakini hayo ni makaa ya mkebe, yanayonunuliwa leo yaishe leo. Anayenunua gunia hulipa kidogo kwa kila kilo, lakini gunia linahitaji pesa za mkupuo na mahali pa kuliweka. Huo ndio uchumi wa kadogo: mwenye mfuko mdogo hulipa zaidi kwa kitu kilekile. Halafu kuna kuwasha. Hadi moshi uishe na makaa yashike ni karibu nusu saa, na nusu saa hiyo lazima uwe nje, mlangoni au kwenye ujia, watoto wakiwa ndani peke yao. Wakati wa mvua mtu hushawishika kuliingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Usifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua familia nzima usingizini.

Mafuta ya taa yalikuwa kimbilio la maskini wa mjini kwa miaka mingi. Unaweza kununua ya shilingi 50, unawasha kwa kiberiti kimoja, na ndani ya dakika chache chai imechemka. Leo siyapendekezi kabisa. Jiko la utambi linaweza kumaliza lita 0.4 kwa sufuria moja ya maharagwe, na lita ikiwa karibu shilingi 150, umelipa shilingi 60 pamoja na harufu, masizi na moshi katika chumba ambamo watoto watalala. Tena mafuta hayo huwekwa kwenye chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili haoni mafuta ya taa, anaona soda. Kama bado unayatumia, yaweke kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji, juu kabisa, na ukikuta mtoto ameyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali.

Hapa ndipo siasa inapoingia jikoni bila kubisha hodi. Mafuta ya taa hayakupanda yenyewe. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli kwa kuwa ni rahisi. Uchanganyaji ulikuwapo kweli. Lakini fikiria suluhisho lilivyopangwa: ili injini za malori zilindwe, aliyepandishiwa bei ni mama mwenye jiko la utambi. Mwezi huohuo mafuta yakaanza kutozwa ushuru wa VAT wa asilimia 8, na Julai 2023 ukapandishwa hadi asilimia 16. Oktoba 2023 lita moja ya mafuta ya taa Nairobi ilifika shilingi 205.06. Mlanguzi wa dizeli ana njia nyingine za kupata pesa. Yule mama alibaki na jiko lilelile.

Sasa gesi, ambayo ndiyo ninayoitumia na ambayo nyumba nyingi za mzazi mmoja zingefaa kuifanya moto wa kwanza. Meko kamili, yaani mtungi wa kilo 6 na kichomeo chake, itakugharimu kati ya elfu tatu na elfu tano mwanzoni. Kujaza ni kama shilingi 1,200. Watu watakuambia mtungi wa kilo 13 ndio wa kuokoa pesa. Piga hesabu mwenyewe. Kilo 6 kwa 1,200 ni shilingi 200 kwa kilo. Kilo 13 kwa 2,500 ni kama shilingi 192 kwa kilo. Kwa mtungi mzima mkubwa umeokoa takriban shilingi mia moja, lakini umelazimika kuwa na 2,500 kwa mkono mmoja, ununue mpira na regulata, na umtafute mtu wa kuubeba hadi orofa ya nne. Kwa anayelipa karo, kodi ya nyumba na nauli kwa mshahara mmoja, mtungi mdogo una maana. Ukiwa na nafasi, nunua wa pili wa kilo 6 kabla ya kuwaza wa kilo 13. Gesi haina adabu ya kuisha mchana. Huisha saa mbili usiku unga ukiwa tayari ndani ya maji, na huwezi kuwaacha watoto utoke kutafuta duka lililo wazi.

Maharagwe kwa gesi, yasipolowekwa, yatakula shilingi 50 hadi 60. Ukiyaloweka usiku kucha, ukayafunika vizuri na kupunguza moto yakishachemka, unaweza kushuka hadi 30 au zaidi kidogo. Kuyaloweka kunaokoa pesa zaidi kuliko kuzunguka mtaa mzima ukitafuta duka linalopunguza shilingi 50 kwenye mtungi.

Muuzaji akikuletea mtungi, mwombe mizani. Kwenye kola ya mtungi kumepigwa mhuri wa uzito wake ukiwa mtupu. Jumlisha kilo 6, na mizani isome hivyo. Ikiwa pungufu, mrudishie palepale, mbele ya watu. Angalia pia lakiri. Gesi inayojazwa vichochoroni huwa na punguzo la kuvutia, na hatari yake tuliiona usiku wa Februari 1, 2024, pale Mradi, Embakasi, mlipuko ulipoteketeza nyumba na kuua watu. Wakenya walikuja kujua kwamba mamlaka ya nishati, EPRA, ilikuwa imeyakataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mwaka 2023. Maombi yalikataliwa, na gesi ikaendelea kuuzwa katikati ya makazi ya watu. Wazazi waliolaza watoto wao usiku ule hawakuwa na njia yoyote ya kujua. Kulijua jambo hilo na kulizuia ilikuwa kazi ya watu wanaolipwa mshahara kwa kodi zetu.

Tena tazama safari ya kodi ya gesi yenyewe. Mwaka 2016 VAT iliondolewa, nyumba nyingi zikanunua mitungi. Julai 2021 ikarudishwa, asilimia 16 kwa mpigo, watu wakiwa bado wanajikokota kutoka kwenye korona. Julai 2022 ikashushwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ikaondolewa tena. Mwaka huo Rais William Ruto aliahidi kwamba mtungi wa kilo 6 ungeshuka hadi kati ya shilingi 300 na 500. Kuondoa kodi kulisaidia, nami nalishukuru hilo kwa dhati. Ila bei ya ahadi sijawahi kuiona dukani. Mwenye nyumba ya vipato viwili huvumilia kodi ikiyumba. Mwenye kipato kimoja akishapanga bajeti kwa gesi, kisha gesi ipande asilimia 16 asubuhi moja, hurudi kwenye makaa, na mtungi aliounyimia watoto viatu hukaa pembeni ukishika vumbi. Niliona majirani wakifanya hivyo mwaka 2021, na mmoja aliuuza kabisa.

Moto wa nne ni stima, na hapa nina habari njema ambayo wengi hawaiamini. Sizungumzii jiko la koili. Hilo hula tokeni vibaya, na wenye ploti wengi wamelikataza. Nazungumzia sufuria ya presha ya stima. Kwa nusu kilo ya maharagwe hutumia kama nusu yuniti au pungufu. Yuniti ikiwa kati ya shilingi 25 na 30 pamoja na makato yote, maharagwe yako yameiva kwa shilingi 15 au chini ya hapo. Hakuna moto mwingine unaokaribia bei hiyo. Na kwa anayelea peke yake, faida kubwa ni kwamba hujizima yenyewe. Unafunga kifuniko, unabonyeza, unakwenda kuogesha, kusahihisha hesabu, kulala kidogo. Ni kifaa cha pekee katika orodha hii kinacholipa ile bei ya pili niliyoitaja mwanzoni.

Vikwazo ni vitatu. Bei ya kununua, aghalabu kati ya elfu saba na elfu kumi na mbili. Pili, mita: kama unanunua stima kwa mwenye nyumba kupitia mita ndogo, uliza kwanza anatoza kiasi gani kwa yuniti, kwa sababu baadhi hujiongezea. Tatu ni daraja la bei. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ni ya wanaotumia yuniti 30 au pungufu kwa mwezi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 100. Ukivuka, unahamishiwa daraja la juu kulingana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Sufuria ya presha ikitumika mara tatu kwa wiki itaongeza yuniti tano au sita tu, kwa hiyo angalia kama bado una nafasi chini ya 30.

Ukinunua tokeni, soma ujumbe wote. Utaona pesa za stima zikiwa peke yake, na makato mengine chini yake: gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya stima vijijini, VAT. Kwa mtumiaji mdogo makato hayo hula zaidi ya theluthi ya pesa aliyotuma. Waonyeshe watoto wakubwa ujumbe huo. Ni somo la uraia lililo wazi kuliko hotuba za jukwaani.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Mwenye pesa za kuanzia kama elfu nne anunue meko, aloweke maharagwe, aachane na mafuta ya taa. Mwenye meko tayari aweke akiba ya sufuria ya presha kabla ya kufikiria televisheni kubwa. Asiye na chochote mwezi huu, anunue maharagwe yaliyochemshwa kwa mama wa githeri mtaani, ayaunge kwa kitunguu. Kwa siku za kazi hilo si uvivu, ni hesabu nzuri. Makaa yabaki ya nje, ya Jumapili.

Kuna anayepaswa kulipia moto huu nawe. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasisitiza hilo. Wanaokwenda Mahakama ya Watoto kudai matunzo huandika karo, kodi na chakula, wakasahau gesi na tokeni. Viandike. Nunua kwa M-Pesa ili taarifa ya simu iwe ushahidi, kisha ujumlishe mwaka mzima. Utashangaa ni kiasi gani umebeba peke yako.

Na kila mwaka, Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya Julai, kamati huita maoni ya wananchi, na maoni ya maandishi hupokelewa. Mwaka 2024 mswada huo ulitaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25. Vijana waliingia barabarani, wengine wakauawa, na Juni 26 Rais akakataa kuutia saini. Julai hiyohiyo tozo ya barabara kwa petroli na dizeli ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, bila mswada wowote, na lori linaloleta gesi na sukuma hutumia dizeli hiyo. Kwa hiyo andika ukurasa mmoja kuhusu gesi na mafuta ya taa, uutume mapema, na umpelekee mbunge wako nakala. Halafu ufuatilie orodha ya bidhaa zisizotozwa VAT inapochapishwa. Ukiona gesi imetoka kwenye orodha hiyo, jaza mitungi yote miwili kabla ya Julai 1.