Maigizo ya vita vya zamani: choo kina stara, lakini kinaonekana?

Msikilizaji, kila mwaka nchini Marekani watu huvaa sare za karne ya 19, hupiga mahema ya turubai na kuigiza mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863. Kila kitu kinatakiwa kionekane cha kale. Sasa, umati wote ule hujisaidia wapi?

Hutumia vyoo vya plastiki vya kuhamishika. Huwekwa nyuma ya miti au uzio, mbali na macho ya watazamaji, lakini si mbali na miguu yao.

Kwa nini wasichimbe mitaro kama askari wa wakati ule? Kwa sababu katika vita ile ya 1861 hadi 1865, takriban theluthi mbili ya askari waliokufa waliuawa na maradhi, si risasi. Kuhara damu na homa ya matumbo vilimaliza kambi zilizochafua maji yake zenyewe. Hilo haliigizwi.

Nasi tukiandaa ngoma, harusi au kumbukumbu kijijini, tukumbuke:

- Shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.
- Tundu moja lisizidi watu 50.
- Wanawake wawe na chao, chenye komeo, taa na chombo cha kutupia pedi.
- Kibuyu chirizi na sabuni viwe mlangoni.
- Kibao chenye mshale kionyeshe njia.

Ficha choo, usifiche njia. Asiyeiona ataingia kichakani, na mvua itatuletea kisimani alichoacha huko.