Nozeli, Mafuta Safi na Haki ya Mtumiaji

Magari mengi madogo yanayopita Tegeta, Bunju, Mbagala na Chamazi yaliingia nchini yakiwa yamekwishatumika, hususan kutoka Japani. Mengi kati yake hayana kabureta. Yana mfumo wa kunyunyizia mafuta kwa nozeli, unaosimamiwa na kompyuta ya gari. Mfumo huo huliwezesha gari kwenda mbali zaidi kwa lita moja na kutoa moshi kidogo, lakini hauvumilii mafuta yaliyochakachuliwa. Katika makala hii tunaeleza namna unavyofanya kazi, na hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua ili kuulinda na kudai haki yake.

Kutoka kabureta hadi nozeli

Katika kabureta, hewa inayofyonzwa na injini hupita kwenye njia nyembamba na kuvuta mafuta pamoja nayo. Kipimo chake ni cha kukadiria, hivyo sehemu ya mafuta hutoka kwenye ekzosi bila kuungua.

Katika mfumo wa nozeli, pampu husukuma mafuta kutoka kwenye tangi kupitia chujio. Kompyuta hupima hewa inayoingia na oksijeni iliyosalia kwenye moshi, kisha hufungua nozeli kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa petroli, lengo ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Katika uwiano huo masega ya ekzosi huweza kusafisha gesi zenye sumu kabla hazijafika hewani.

Mwaka 1996 kampuni za Mitsubishi na Toyota zilianza kuuza Japani magari ya petroli ambayo nozeli zake hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Injini za Toyota za aina hiyo ndizo zijulikanazo kwa jina la D-4. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya silinda huipooza hewa, na injini huweza kuibana zaidi na kupata nguvu zaidi.

Kazi hiyo huhitaji msukumo mkubwa. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi. Nozeli za kawaida za petroli hufanya kazi kwa bar 3 hivi. Za D-4 huweza kufikia bar 100. Na za dizeli za kisasa huzidi bar 1,000.

Kwa nini mafuta yasiyofaa huleta hasara

Nozeli za namna hiyo zina matundu madogo mno, na pampu zake zina vipuri vilivyobanana sana. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ulainishi hupungua na vyuma husagana. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge na kujaa masizi. Maji nayo huleta kutu.

Dalili zake ni gari kukosa nguvu, kutetemeka likiwa limesimama, kuwaka kwa shida au kutoa moshi mweusi. Hata hivyo, plagi zilizochakaa au chujio lililoziba huweza kuleta dalili hizo hizo. Dalili pekee si ushahidi.

Udhibiti uliopo

Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo kuliko dizeli na petroli, uchakachuaji ulikuwa na faida kubwa. Mwaka 2010 ulianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Vinasaba havionekani kwa macho, bali mkaguzi akipima sampuli kituoni hutambua kama mafuta yamechanganywa au yamekwepa kodi.

Mtumiaji afanye nini

1. Nunua mafuta kituoni. Epuka yanayouzwa kwenye madumu na chupa kando ya barabara.

2. Dai risiti ya EFD kila unaponunua, na uitunze. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha kituo, tarehe na kiasi.

3. Usizoee kuendesha gari taa ya mafuta ikiwa imewaka. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yaliyomo.

4. Badilisha chujio kwa wakati, na usikubali masega yaondolewe. Gari lisilo na masega huchafua hewa wanayovuta majirani zako.

5. Ukishuku mafuta, zima gari na umjulishe msimamizi wa kituo mara moja. Tangi la kituo likijazwa shehena mpya, ukaguzi huwa mgumu. Usiruhusu mafuta yaliyomo kwenye gari yamwagwe kabla ya fundi kuandika alichokiona.

6. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa maandishi katika ofisi ya EWURA, ukiambatanisha risiti na taarifa ya fundi. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) linaweza kukusaidia kuyaandaa.

Tunawahimiza watumiaji wasinyamaze. Taarifa ya mtu mmoja, ikitolewa mapema, huweza kuwaokoa wengine wanaojaza mafuta katika kituo hicho hicho.