Kura ya Maoni: Mkazi Aamueje?

Mwakilishi wa wadi asiporidhisha, wakazi humsubiri uchaguzi ujao. Kura ya maoni haina muhula. Kifungu kikishaingia katika Katiba, kukiondoa huhitaji safari ndefu kama ile iliyokiingiza, na mambo kama muundo wa ugatuzi, Sheria ya Haki na muhula wa Rais hayawezi kubadilishwa bila wananchi kupiga kura.

Wakenya wameulizwa kuhusu Katiba mpya mara mbili. Tarehe 21 Novemba 2005 waliikataa rasimu. Tarehe 4 Agosti 2010 wakaikubali. Mara zote mbili swali lilikuwa moja kwa kitabu kizima. Mwaka 2010 wapo waliotamani serikali za kaunti lakini hawakuridhishwa na vifungu kuhusu uavyaji mimba au mahakama za kadhi. Kulikuwa na kijani cha Ndiyo na nyekundu cha La. Nafasi ya kuandika “isipokuwa” haikuwepo. Mswada wa BBI nao ulipendekeza mgao wa kaunti upande hadi angalau asilimia 35, na papo hapo maeneo bunge mapya 70. Mahakama ya Juu ilifunga suala hilo tarehe 31 Machi 2022 kabla ya wananchi kupiga kura, lakini mzani ungekuwa ule ule: je, unachokipata kinatosha kulipia usichokitaka?

Jibu haliko kwenye mkutano wa hadhara. Mwaka 2005 ndizi ilikuwa Ndiyo na chungwa likawa La, na hadi leo wengi wanakumbuka matunda kuliko rasimu. Afadhali mkazi aanze na vifungu vinavyomgusa, kama ardhi, fedha za kaunti na haki, kisha aweke kila kimoja kando ya kile kilichopo sasa.

Maneno madogo ndiyo ya kuchunguzwa. Katiba ya sasa inazipa kaunti zote kwa pamoja mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Lakini mapato ya mwaka gani? Ni yale ya hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Hesabu zikichelewa kuidhinishwa, asilimia hupigwa kwa mapato ya zamani. Kwa hiyo anayeahidiwa asilimia kubwa aulize ni asilimia ya nini.

Kubaki nyumbani si sawa na kusema La. Angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wanatakiwa kupiga kura katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Kiwango hicho kikifikiwa, wingi wa kawaida wa kura zilizopigwa huamua, hata kwa walioshinda shambani.

Mswada ulioanzishwa na wananchi kwa sahihi milioni moja hupitia kwanza mabunge ya kaunti, ambayo huwa na miezi mitatu kuupitisha au kuukataa. Usipoungwa mkono na mabunge mengi, hauendi mbele. Vikao vya kukusanya maoni ya umma vinapotangazwa, mkazi aende na nambari ya kifungu na hoja yake kwa maandishi, na ahakikishe imepokelewa na karani.