Kiharusi Kikipita, Kuna Kazi ya Kujifunza Upya

Mkulima wa kahawa kutoka Runyenjes, kaunti ya Embu, akipatwa na kiharusi na kupooza upande wa kushoto, jamaa huuliza kwanza kama atatembea tena. Swali ni la haki, lakini halitoshi. Atavaaje? Atakulaje bila kulishwa? Atafikaje kwenye choo cha shimo kilicho mteremkoni nyuma ya nyumba? Hayo ndiyo ya mtaalamu wa tiba ya shughuli, ambaye hupatikana katika hospitali za rufaa za Embu na Meru.

Wengi humchanganya na mtaalamu wa fiziotherapia. Huyo hushughulikia hasa misuli, viungo na mwendo. Mwenzake huanza na jambo ambalo mgonjwa anataka kulifanya, akaligawa hatua kwa hatua hadi aijue ile inayomshinda mgonjwa.

Chukua kuvaa shati. Mgonjwa huketi kwenye kiti imara, hutanguliza mkono uliopooza, huvuta shati hadi begani, ndipo huingiza mkono mzima. Akivua, mkono mzima hutoka kwanza. Jikoni, kitambaa chenye unyevu huzuia bakuli kuteleza, na ubao uliopigiliwa misumari miwili hushika kiazi kinapomenywa kwa mkono mmoja. Chooni, kiti cha mbao kilichotobolewa huwekwa juu ya shimo, na nguzo ya kushikilia husimikwa kando.

Mazoezi haya pia huufunza ubongo. Sehemu zilizosalimika huweza kuchukua baadhi ya kazi za zile zilizoumia, hasa tendo linaporudiwa mara nyingi. Kwa hiyo jamaa anayemvisha na kumlisha mgonjwa kila siku kwa huruma humnyima zoezi.

Watoto wenye mtindio wa ubongo nao hufaidika na tiba hii. Mzazi wa Nkubu au Maua, kaunti ya Meru, huonyeshwa namna ya kumketisha mtoto wima na kumlisha kidogo kidogo, kichwa kisielekee juu, ili chakula kisiingie njia ya hewa.

Sheria ya mwaka 2017 inawataka wataalamu wa tiba ya shughuli wasajiliwe na kupewa leseni. Uliza leseni kabla ya kulipa. Na kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani, omba aonwe na mmoja wao. Mpelekee picha za simu za jiko, kitanda, choo na njia ya kukifikia, apange mazoezi yanayolingana na nyumba yenyewe.