Kabla ya Kununua Ploti Lamu

Je, msomaji, umepata kuonyeshwa ploti Lamu ukaambiwa hapo patafaa nyumba yako, wewe na jamaa zako peke yenu? Kabla hujatoa pesa, uliza maji yatatoka wapi.

Mji wa kale wa mawe, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kubanana. Binti akiolewa, huenda aliongezewa ghorofa juu ya wazazi, au wikio, chumba kilichovuka kichochoro. Leo watu wamezidi na nyumba zinatoka nje ya mji. Hapo hapana lawama. Lakini upande wa Shela kuna vilima vya mchanga, na hilo ndilo tangi la kisiwa: mvua huzama mchangani, ikakaa juu ya maji mazito ya bahari, nayo ndiyo itekwayo visimani. Ukichimba choo hapo, uchafu huyafikia. Maji yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na kuiondoa ni kazi ya miaka.

Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, ujenzi wahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Basi nenda ofisini ukatazame ramani. Muuzaji akikuharakisha, mwache asubiri. Wewe pita kwa jirani uonje maji ya kisima chake.