RAGA: Kundi imara ni lile lenye wa kumpumzisha aliyeumia kichwa

Shule za upili zinapofunguliwa mwezi Januari, mashabiki wa raga huanza ubishi wao wa kila mwaka kabla hata kipenga hakijapulizwa. Msimu huu ni nani aliye na kundi kali zaidi la watatu wa nyuma ya skramu? Katika vyuo vikuu ubishi ni uleule. Mmoja atawataja Mean Machine wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliotwaa Kombe la Kenya mwaka 1977, mwaka waliouanza. Mwingine atawataja Blak Blad wa Kenyatta, Leos wa Strathmore, Wasps wa Egerton au vijana wa Masinde Muliro kule Kakamega. Kila mmoja ana hesabu yake ya kilo, urefu na idadi ya wapinzani walioangushwa chini.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu, hawa ni wale wanaovaa jezi namba 6, 7 na 8. Wawili wa kwanza huitwa flanka na wa tatu ni namba nane. Skramu ikivunjika wao ndio hutangulia kuchomoka. Kazi yao ni kumfuata aliye na mpira, kumkaba, kumwangusha, kisha kuinuka na kuugombania mpira kabla wengine hawajafika. Timu yenye watatu wazuri hapo huwa vigumu kufungwa.

Wamarekani nao wana watu wa aina hiyo katika kandanda yao ya kofia ngumu. Huwaita lainibeka, yaani walinzi wanaosimama nyuma ya mstari wa kwanza. Msimu wa vyuo vya huko huanza mwishoni mwa Agosti, na miezi kadhaa kabla yake magazeti huwa yamekwisha kupanga orodha ya vyuo vyenye lainibeka hodari. Kwamba kazi hizi mbili zinafanana, Mkenya mmoja alitufunza. Daniel Adongo, fowadi wa raga aliyekuwa akicheza Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa mwaka 2013 na Indianapolis Colts kuwa lainibeka, ilhali hakuwa amewahi kuicheza kandanda hiyo.

Lakini ukurasa huu ni wa afya. Kwa hiyo tunauliza swali hilohilo kwa njia nyingine: kundi imara hasa ni lipi? Jibu la madaktari wa michezo haliko kwenye mizani ya kilo. Liko kwenye benchi.

Hali ilivyo mashambani

Tuchukue mfano wa Sosiot, kule Belgut katika Kaunti ya Kericho. Wasomaji wengi wa Nairobi, Nakuru na Kisumu wana watoto au wapwa wanaosoma katika shule za bweni za eneo hili la majani chai. Raga ililetwa huku na mameneja wa mashamba ya chai wakati wa ukoloni, na baadaye ikaingia shuleni. Vijana wa hapa si dhaifu. Wamekulia kwenye vilima, katika mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wamezoea kwenda mbio kupanda na kushuka. Ugali, maharagwe, mboga na mursik vimewajenga.

Taabu ni hesabu ya watu. Shule nyingi za mashambani huweza kupata flanka wawili wazuri na namba nane mmoja, basi. Wa nne hayupo, au yupo lakini hajafunzwa kukaba. Raga ya wachezaji 15 kila upande huchezwa muhula wa kwanza, na siku za mashindano timu huweza kucheza mechi kadhaa karibu karibu. Sasa namba 7 akigongwa kichwa dakika ya 20 na kuanza kuyumba, kocha hutazama benchi na kuona hakuna mtu. Hapo ndipo maji humwagwa kichwani, kijana huulizwa kama yuko sawa, naye hujibu kwamba yuko sawa.

Atasema nini kingine? Katika nyanda hizi kijana hufunzwa mapema kustahimili maumivu bila kukunja uso. Ni malezi mema kwa mambo mengi ya maisha. Lakini mtikisiko wa ubongo si maumivu ya kustahimiliwa, kwa sababu kiungo kilichoumia ndicho kile kile kinachotakiwa kuamua kama mtu ameumia.

Ubongo ukitikisika

Ubongo ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigongwa, au mwili ukigongwa kwa kishindo hata kichwa kikarushwa, ubongo husukwasukwa ndani ya fuvu. Seli zake huvurugika kwa muda na kuhitaji nguvu nyingi ili kurudi katika hali yake, wakati ambapo damu inayoipeleka nguvu hiyo imepungua. Picha za hospitalini kwa kawaida hazionyeshi kitu. Mifupa ni mizima, damu haijavuja, lakini kazi ya ubongo imeharibika kwa siku au wiki kadhaa.

Watu wengi hudhani kwamba asiyezimia hakuumia. Hilo ni kosa. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu hata kidogo. Dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukia mwanga au kelele, kusahau alama za mechi, kujibu polepole, kulia au kukasirika bila sababu, na kusimama upande usio wake uwanjani. Nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa, hata siku inayofuata.

Kanuni ya shirika la raga duniani kwa shule na klabu za kawaida ni fupi: tambua na umwondoe. Kijana anayeshukiwa tu kuwa na mtikisiko hutoka uwanjani na harudi siku hiyo. Ule utaratibu unaoonekana kwenye televisheni, mchezaji akitoka kwa dakika chache, kupimwa na kurudi, ni wa mechi kubwa zenye madaktari waliofunzwa. Hauhusu uwanja wa shule.

Pigo la pili

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu ya pigo la pili. Ubongo ambao haujapona ukitikiswa tena, huweza kuvimba ghafla kwa namna ambayo hata hospitali kubwa hushindwa kuizuia. Jambo hili ni nadra, lakini huwapata zaidi vijana.

Mwezi Januari 2011, kule Carrickfergus katika Ireland Kaskazini, mwanafunzi wa miaka 14 aitwaye Ben Robinson aliumia kichwa katika mechi ya shule. Alihudumiwa zaidi ya mara moja akaendelea kucheza, mwishowe akaanguka na baadaye akafa. Uchunguzi uliomalizika mwaka 2013 ulithibitisha kwamba kilichomuua ni pigo la pili. Baba na mama yake walipigania elimu juu ya jambo hili, na shule za nchi hiyo zikabadili mienendo.

Kuna pia madhara yanayokuja polepole. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walieleza hali ya ubongo wa wachezaji waliofariki na ambao familia zao zilikubali uchunguzwe. Kati ya 53 waliofikia kandanda ya vyuo vikuu vya Marekani, 48 walikuwa na ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo unaohusishwa na mapigo ya mara kwa mara. Haifai kusema kwamba wachezaji tisa kati ya kumi wataugua, maana familia nyingi zilitoa ubongo huo kwa sababu tayari zilikuwa na shaka. Hata hivyo ni onyo. Steve Thompson, aliyeshinda Kombe la Dunia la raga na Uingereza mwaka 2003, alitangaza mwaka 2020 kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba haikumbuki fainali hiyo. Luke Kuechly, lainibeka aliyetoka Boston College na kuwa miongoni mwa hodari wa kizazi chake, alistaafu Januari 2020 akiwa na miaka 28 tu, baada ya kuumia kichwa zaidi ya mara moja.

Kwa nini flanka na namba nane?

Katika raga, mapigo mengi ya kichwa hutokea wakati wa kukaba, na anayekaba ndiye aliye hatarini zaidi kuliko anayekabwa. Wanaokaba sana ni hawa watatu. Hatari huongezeka mkabaji akisimama wima, kwani kichwa chake hukutana na kichwa, bega au kiwiko cha mwenzake. Ndiyo maana Ufaransa ilianza mwaka 2019 kuteremsha kimo cha kukaba hadi kiunoni katika mechi za kawaida, na Uingereza nayo ikateremsha mwaka 2023.

Kofia laini ya skramu haizuii mtikisiko wa ubongo. Huzuia mikwaruzo na masikio kuvimba. Kinga ya meno huokoa meno. Vyote vivaliwe, lakini visimpe kijana ujasiri wa uongo.

Kinachosaidia ni mazoezi kabla ya msimu. Uchunguzi uliofanywa katika shule 40 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 ulihusu mazoezi maalumu ya kupasha mwili moto: kusimama imara, kuruka na kutua, kujenga misuli na kuimarisha shingo. Timu zilizoyafanya angalau mara tatu kwa wiki zilipunguza mitikisiko ya ubongo kwa asilimia 59. Hayahitaji mashine. Kijana huweza kuikaza shingo yake dhidi ya kiganja chake mwenyewe au cha mwenzake, mbele, nyuma na kando, kwa dakika chache. Uwanja wa nyasi wa shule yoyote ya Kericho unatosha.

La pili ni kufundisha kukaba. Mkabaji ainamishe kiuno na kupiga magoti kidogo, macho wazi, kichwa kikae upande wa nyuma ya mwili wa anayekabwa, kamwe kisitangulie mbele yake. Wafunzwe hivi vijana sita au saba, wala si watatu tu. Hapa ndipo afya na ushindi hukutana. Kocha mwenye flanka wanne na namba nane wawili humtoa aliyeumia bila kusitasita. Mwenye watatu pekee hushawishika kutazama kando. Vyuo vikuu vya Marekani husajili wachezaji wapatao 100. Shule ya Sosiot haiwezi, lakini kuwafunza vijana watatu zaidi kunataka muda tu.

Akiumia afanyiwe nini?

Kijana asiachwe peke yake siku hiyo. Apelekwe hospitali haraka akitapika tena na tena, akizimia, akipata kifafa, kichwa kikizidi kuuma, usingizi ukiwa mzito asiamshike, akiona vitu viwili viwili, mkono au mguu ukifa ganzi, au maji au damu ikitoka puani au sikioni. Shingo ikiuma, asiinuliwe wala kuvutwa; atulizwe pale pale hadi watu wanaojua kazi wafike.

Kama hana dalili hizo mbaya, apumzike kwa saa 24 hadi 48, aiache simu na televisheni, na alale. Ile imani kwamba asilale kabisa haina msingi, mradi kuna mtu wa kumwangalia na awe amekwisha kuonwa na mhudumu wa afya. Asipewe aspirini wala dawa za aina ya ibuprofen siku hizo za mwanzo, kwani huweza kuongeza kuvuja damu.

Kisha arudi darasani kwanza, uwanjani baadaye. Atembee, akimbie polepole, afanye mazoezi bila kugusana, na dalili zikirudi arudi hatua nyuma. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya kawaida unasema asicheze mechi kabla ya siku 21 kupita, na asianze mazoezi ya kugongana mpaka amekaa siku 14 bila dalili. Kwa muhula wa kwanza wa shule zetu, siku 21 huenda zikawa ndio msimu wenyewe. Na ziwe. Mitihani ya mwisho wa mwaka inautaka ubongo uleule.

Mzazi uliye mjini, huwezi kuhudhuria kila mechi. Lakini siku ya kumtembelea mwanao unaweza kumuuliza mwalimu wa michezo maswali matatu. Nani huamua kijana atoke uwanjani, na je, uamuzi huo ni wa mwisho? Gari la kwenda hospitali liko wapi siku ya mechi? Na namba 7 akitoka, nani anaingia?

Swali hilo la tatu likikosa jibu, timu hiyo haiko tayari kwa msimu, hata kama watatu wake wana misuli ya simba.